Kitabu umekilipia, ufunguo anao nani? Tuifumue ishu ya DRM

Ikitajwa DRM, yaani lile kufuli la kidijitali linalowekwa kwenye vitabu, mbele ya wasomaji wa vitabu vya kidijitali lazima kelele zianze, hawa wanasema bila kufuli waandishi watakufa njaa, wale wanasema kufuli ndo wizi wenyewe, na ukikaa ukasikiliza unagundua watu wanabishana kuhusu vitu vitatu tofauti huku kila mmoja akidhani wanaongelea kitu kimoja. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye faida na hasara tuvitenganishe kwanza.

Kitu cha kwanza ni hakimiliki. Hiyo ni sheria, mtu akiandika kazi yake basi ni yake, huruhusiwi kuitoa kopi ukaisambaza bila ridhaa yake, na hilo lipo iwe kitabu kimefungwa au hakijafungwa. Cha pili ndo DRM yenyewe, yaani usimamizi wa haki za kidijitali, na hii ni programu tu, kazi yake kulifunga faili ili lifunguke kwenye akaunti au kifaa kilichoruhusiwa basi. Cha tatu ni sheria nyingine kabisa, inayolinda lile kufuli. Kitabu kina sheria yake na kufuli lina sheria yake. Hiki cha tatu wengi hawajawahi hata kukisikia na ndicho chenye makali kuliko vyote, tutakirudia.

Kwanini nakazania hili? Kwa sababu mtu akisema haipendi DRM anajibiwa "kwa hiyo unataka vitabu vya bure", wakati kitabu kisicho na DRM kinauzwa kwa pesa vilevile na ukikisambaza ovyo umevunja sheria vilevile. Alafu kuna wale wa upande wa pili, wakikuta faili halina kufuli wanadhani wameruhusiwa kuligawa kwa ukoo mzima. Hapana bwana.

Kufuli linafanyaje kazi

Ukilipia kitabu chenye DRM duka halikupi maandishi yakiwa wazi, linakupa faili lililosimbwa, yaani maneno yote yamevurugwa kihesabu na bila ufunguo unaona takataka tupu. Ufunguo unafungwa kwenye akaunti yako au kifaa chako. Ukifungua ukurasa apu inauchukua ule ufunguo, inayarudisha maneno kwenye hali yake, inakuonyesha kwenye skrini, na inahakikisha hutoki nayo nje ya apu. Mifumo ipo kadhaa. Ule wa kampuni ya Adobe unatumiwa na maduka mengi na maktaba nyingi, unaanza kwa kukupa kafaili kadogo ambako hakana kitabu ndani, programu ya Adobe inakapeleka kwenye seva, seva ikishathibitisha kuwa wewe ni wewe ndo kitabu kinashuka. Amazon wana wa kwao kwenye Kindle, kifaa na apu yao ya kusomea, Apple wana FairPlay. Hii mifumo haisomani, na sio kwa bahati mbaya.

Sasa kuna tatizo la msingi hapa ambalo halitokani na uzembe wa mainjinia. Ukituma meseji iliyosimbwa kuna watu watatu, anayetuma, anayepokea, na adui anayechungulia katikati. Kwenye DRM anayepokea na adui ni mtu huyohuyo mmoja. Msomaji lazima apewe ufunguo la sivyo hasomi, na muda huohuo lazima azuiwe asiushike. Unaweza ukauficha ndani kabisa, ukabadilisha maficho kila toleo jipya la apu, lakini bado umo mulemule kwenye kifaa chake mwenyewe. Na hata kama ungeweza kuuficha milele, kitabu ni maandishi tu mwisho wa siku, mtu anapiga skrinishoti, anaskani toleo la karatasi, mwingine mwenye roho ngumu anakaa anakichapa upya neno kwa neno.

Alafu ili kitabu kivuje haihitajiki kila mtu ajue kuvunja kufuli. Akijua mmoja inatosha. Kopi yake ikishakuwa wazi inazunguka kama faili lingine lolote, na anayeipokea wala hajui kama iliwahi kuwa na kufuli. Hili lilionekana mapema sana, Machi 2000 mwandishi Stephen King alitoa hadithi moja kwa njia ya kidijitali tu, kopi zaidi ya 400,000 zikachukuliwa ndani ya saa 24 za mwanzo, hadithi ilikuwa imesimbwa na kufuli lake halikuchukua muda likavunjwa. Miaka imepita mingi, makufuli yamekuwa magumu zaidi, ila huo mchezo ni uleule.

Wanaolitetea wana hoja, tusiwabeze

Kuna watu wakishafika hapa wanahitimisha kwamba DRM haina kazi yoyote. Mi naona wanaruka hatua. Mchapishaji anayejielewa hadhani kufuli litamzuia haramia sugu, anamfikiria mtu wa kawaida, mwenye nia njema tu, ambaye kamaliza kitabu kikamkosha na sasa anataka kukituma kwa wenzake wote wa ofisini kwa mguso mmoja wa skrini. Kitabu cha karatasi ukimwazima mtu wewe unabaki huna mpaka arudishe (kama atarudisha). Faili ukimtumia mtu mnabaki nalo wote wawili, kesho ni kumi, keshokutwa hakuna anayejua. Hiyo tofauti ipo kweli na wapinzani wa DRM wakati mwingine wanajifanya hawaioni. Kufuli dhaifu linatosha kumfanya huyu mtu aseme aah, ngoja nimtumie linki anunue mwenyewe.

Halafu kuna suala la uoga wa wachapishaji. Wengi wao wasingekubali kuweka orodha zao zote kwenye mfumo wa kidijitali bila kuahidiwa kufuli, hata kama kufuli lenyewe ni la kuwatuliza moyo zaidi. Kwa hiyo vitabu vingi tunavyosoma kwenye skrini leo vilipatikana kwa sababu ya hiyo ahadi. Sio hoja ya kiufundi lakini ndivyo biashara ilivyokwenda.

Ila hoja yenye uzito kuliko zote kwangu mimi ni ya kuazima. Maktaba ikikuazima kitabu cha kidijitali kwa wiki mbili, zile wiki zikiisha lazima kitu fulani kikifunge, na kitu chenyewe ndo DRM. Vivyo hivyo vitabu vya kiada vya kukodi kwa muhula, huduma za kulipia kila mwezi, nakala wanazotumiwa wahakiki kabla kitabu hakijatoka. Hapo hakuna aliyedanganywa. Msomaji anajua ameazima, kufuli linatekeleza walichokubaliana. Mtu anayesema ifutwe DRM yote duniani inabidi aniambie maktaba zitaazimisha vipi, na mpaka sasa majibu ninayosikia mengi ni ya kumwamini tu kila mtu afute faili mwenyewe.

Hata huko maktaba lakini mambo hayajanyooka. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins walianza sharti kwamba maktaba ikinunua kitabu chao cha kidijitali kinaazimwa mara 26 tu alafu leseni inaisha, inabidi kununua tena. Ukipiga hesabu ya wiki mbili mbili ni mwaka mmoja. Hoja yao ilikuwa kwamba hata kitabu cha karatasi kinachakaa, na wakutubi waliokasirika wakajibu kwamba vya karatasi vinadumu kuliko hapo. Unaona kilichotokea? Faili halichakai, kwa hiyo uchakavu umetengenezwa kwa makusudi na kufuli ndo likawezesha.

Na kuna kesi ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, ambayo inachanganya watu kweli. Wao walikuwa wanaskani vitabu vya karatasi walivyonavyo na kuazimisha nakala za kidijitali zenye kufuli, kopi moja kwa msomaji mmoja kwa wakati, ingawa mwaka 2020 kwa kipindi fulani walilegeza hicho kipimo. Wachapishaji wanne wakubwa wakawashtaki, Internet Archive wakashindwa Machi 2023 na rufaa yao ikakataliwa Septemba 2024. Yaani kufuli lilikuwepo na halikuwasaidia, kwa sababu swali lililokuwa mezani lilikuwa lile la kwanza, la hakimiliki, na teknolojia hata iwe nzuri vipi haikupi ruhusa ambayo mwenye kazi hajakupa.

Kwenye kununua ndo panapouma

Tofauti na maktaba, dukani uliambiwa umenunua. Kitufe kimeandikwa hivyo, pesa imetoka yote, hakuna tarehe ya kurudisha. Kumbe ukisoma masharti, ambayo hakuna anayeyasoma, umepewa leseni ya kusoma ndani ya mfumo wao. California waliona hili limezidi wakapitisha sheria iliyoanza Januari 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno la kununua bila kumwambia mteja wazi kuwa anapata leseni. Sheria hiyo ina msamaha mmoja wa maana, duka likikuruhusu kudaunlodi bidhaa moja kwa moja ukaitumia bila intaneti na wao wasiweze tena kukunyang'anya, basi hayo masharti hayawahusu. Hapo hata watunga sheria wametambua kuwa umiliki unaanzia pale muuzaji anapopoteza uwezo wa kukirudisha kitu.

Uwezo huo sio wa kufikirika. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle za wateja wao kwa mbali wakafuta vitabu viwili vya George Orwell, na ndiyo, kimojawapo kilikuwa 1984, kile cha serikali inayofuta kumbukumbu, watu walicheka sana. Sababu yenyewe ilikuwa na mantiki, aliyeviuza kupitia duka lao hakuwa na haki ya kuviuza, na wateja walirudishiwa pesa. Lakini duka la karatasi likigundua limekuuzia nakala haramu haliwezi kuingia sebuleni usiku kuichukua. Jeff Bezos, bosi wa Amazon wakati huo, aliomba radhi hadharani. Kitu ambacho watu wanakisahau ni kwamba mwanafunzi mmoja alikuwa akisoma kitabu hicho kwa ajili ya shule na noti zake zote zikapoteza maana, zikawa zinaelekeza kwenye kurasa ambazo hazipo, akaenda mahakamani na shauri likaisha kwa makubaliano.

Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya Microsoft. Aprili 2019 walitangaza wanafunga duka lao la vitabu na kufikia Julai vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka, kwa sababu seva zinazothibitisha leseni zilikuwa zinazimwa. Walirudisha pesa, na waliokuwa wameandika noti wakaongezewa dola 25. Kwa kweli walijitahidi kiungwana, na bado maktaba ya mtu iliyeyuka. Na hii ni Microsoft, kampuni kubwa kuliko karibu zote duniani, haikufilisika, iliamua tu kwamba biashara hii hailipi. Sony walipofunga duka lao la Amerika Kaskazini mwaka 2014 angalau wateja walihamishiwa Kobo, duka jingine la vitabu vya kidijitali. Kwa hiyo unaponunua kitabu chenye kufuli unacheza kamari kwamba duka litaishi kuliko hamu yako ya kukisoma tena.

Hata duka likiendelea kuwepo masharti yanaweza kubadilika ukiwa njiani. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon waliondoa uwezo wa kudaunlodi kitabu cha Kindle kwenye kompyuta ili ukihamishe kwa waya wa USB. Waliokuwa wakiitumia njia hiyo kuweka bakapu walipewa taarifa, sawa, lakini walivinunua vitabu vyao wakati mlango ule ukiwa wazi.

Faragha nayo ipo kwenye bili. Kufuli linahitaji kujua wewe ni nani na unasomea wapi, na ikishajua hayo ni rahisi kujua na mengine. Oktoba 2014 iligundulika kwamba Adobe Digital Editions toleo la 4 lilikuwa linatuma kwa Adobe taarifa za vitabu na kurasa alizosoma mtu, tena zikisafiri kwenye intaneti wazi bila kusimbwa. Yaani kitabu kimesimbwa, habari zako hazijasimbwa.

Lakini wanaoumia kabisa ni wasioona. Teknolojia ya kusoma maandishi kwa sauti ipo siku nyingi na kitabu cha kidijitali kwa asili yake ni zawadi kwao, hakihitaji kuskaniwa wala kuchapwa upya kwa nukta nundu, kinahitaji tu programu iweze kuyafikia maneno. Kufuli linasema programu yoyote isiyo yangu isiyaguse maneno. Mwaka 2009 Kindle 2 ilipotoka ikiwa na uwezo wa kusoma kwa sauti, chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kilipinga kikidai ni kama kutoa kitabu cha kusikiliza bila kulipia, na Amazon wakawapa wachapishaji uwezo wa kuuzima kitabu kwa kitabu. Tangu hapo apu nyingi zimeboreshwa, mimi nalikubali hilo, ila kanuni imebaki kwamba asiyeona anasoma kwa hisani ya mwenye apu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kufanya kazi 2016, uliletwa kurahisisha kuwatengenezea wasioona nakala wanazoweza kuzitumia na kuzivusha mipaka, na unazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba sheria ya kulinda makufuli haiwi kizuizi kwao.

Sheria ya kufuli

Turudi sasa kwenye kile kitu cha tatu. Desemba 1996 shirika la miliki ubunifu la Umoja wa Mataifa, WIPO, lilipitisha mkataba unaozitaka nchi ziweke sheria dhidi ya kuvunja kinga za kiteknolojia. Marekani wakaja na sheria yao iitwayo DMCA mwaka 1998, Umoja wa Ulaya wakatoa maelekezo yao 2001, na nchi nyingine nyingi zina vifungu vya namna hiyo. Nchini Marekani kuvunja kufuli ni kosa lenyewe, hata kama ulichotaka kukifanya baada ya hapo ni halali kabisa, mfano kukisoma kitabu ulichokilipia kwenye kifaa cha kampuni nyingine. Ipo misamaha inayotolewa kila baada ya miaka mitatu, mmoja ni wa vitabu vya kidijitali kwa watu wenye ulemavu, na inabidi iombwe tena na tena, kitu ambacho mimi nakiona ni dharau.

Ukali wake ulionekana Julai 2001. Mrusi mmoja, Dmitry Sklyarov, mtaalamu wa programu wa kampuni ya ElcomSoft ya Moscow, alikwenda Las Vegas kutoa mada kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta, kuhusu udhaifu wa kufuli la vitabu la Adobe, na alipokuwa anajiandaa kurudi nyumbani akakamatwa. Programu waliyoitengeneza iliondoa kufuli kwenye vitabu ambavyo mtu alikuwa ameshavipata kihalali, na ilitengenezwa Urusi. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Adobe wenyewe, waliokuwa wamelalamika mwanzo, wakarudi nyuma wakataka aachiwe. Baadaye aliachiwa, kampuni yake ikashtakiwa badala yake, na Desemba 2002 baraza la wazee wa mahakama likaikuta haina hatia. Mtu hakuiba kitabu hata kimoja.

Ila kuna kitu watu wanakisingizia DRM bure, nacho ni kuuza kitabu kilichotumika. Wanadhani kufuli likiondoka watauza mafaili yao kama wanavyouza vya karatasi. Ulaya swali hili lilifika mahakama ya juu ya Umoja wao, kesi ya kampuni ya Kiholanzi Tom Kabinet, na Desemba 2019 jibu likawa kwamba kuuza tena kitabu cha kidijitali kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Hapo kizuizi ni hakimiliki, kufuli halihusiki.

Tumejifunza nini kwa walioliondoa

Muziki ulipita hukuhuku mapema. Kampuni za muziki zilidai kufuli, Apple wakaliweka, nyimbo zikawa hazipigi kwenye kifaa kisicho cha Apple, na baada ya miaka kadhaa wenye muziki wakashtuka kwamba Apple ndo anawapangia bei. EMI, mojawapo ya hizo kampuni, wakaanza kuuza bila kufuli 2007, na Januari 2009 Apple wakatangaza kwamba kampuni zote kubwa zimekubali. Muziki haukufa kwa sababu hiyo.

Wachapishaji wa vitabu waliyaona hayo yote alafu wakafanya kosa lilelile. Walidai kufuli, lakini ufunguo ukawa wa Amazon. Msomaji mwenye mamia ya vitabu kwenye Kindle hahami duka hata akikasirika vipi, maana akihama anaviacha. Mwaka 2014 wachapishaji Hachette na Amazon walipogombana kuhusu masharti ya bei, Amazon wakachelewesha usafirishaji wa vitabu vyao na kuondoa uwezo wa kuagiza vipya mapema, na Hachette hawakuweza kuwaambia wasomaji nendeni duka jingine na maktaba zenu, kwa sababu kufuli walilolitaka wao wenyewe ndo limewashikilia wasomaji kule. Mimi hapa ndo nilipo kwenye mjadala huu wote. Kwenye vitabu vya kuuzwa, kufuli halimzuii mwizi sana, linamzuia mteja asimwache muuzaji, na aliyefaidika zaidi sio mwandishi wala mchapishaji.

Waliothubutu kuliondoa wapo. Wachapishaji Baen wanauza vitabu vya kidijitali bila kufuli tangu 1999. Tor, ambao ni sehemu ya kampuni ya uchapishaji ya Macmillan, walitangaza Aprili 2012 kwamba wanaliondoa, na mwaka mmoja baadaye wakasema hawajaona ongezeko la kuonekana la uharamia kwenye vitabu vyao. Tuwe wakweli lakini, wote hawa ni wa hadithi za kisayansi na za kufikirika, wasomaji wao wengi ni watu wa kompyuta walioipigia kelele DRM miaka mingi na walikuwa na hamu ya kuonyesha uaminifu. Huwezi kulichukua hilo ukalibandika moja kwa moja kwenye kitabu cha kiada cha bei mbaya ambacho wanafunzi wanalazimishwa kukinunua. Huko kishawishi ni kingine.

Njia za katikati nazo zipo. Pottermore, tovuti ya J.K. Rowling mwandishi wa Harry Potter, ilipofungua duka 2012 ilitumia alama fiche, faili linabeba ndani yake utambulisho wa mnunuzi, unaweza kulihamisha kokote ila likionekana mtandaoni inajulikana lilitoka kwa nani. Napenda jinsi linavyomchukulia mteja kama mtu mzima. Ubaya wake simu ikiibwa ni wewe unayeonekana mhalifu, na alama yenyewe anayejua anaiondoa. Nyingine ni LCP, iliyotengenezwa na jumuiya ya Readium na inasimamiwa na EDRLab ya Paris, hii bado ni DRM kamili lakini inafunguka kwa nenosiri, inakubali apu za watengenezaji tofauti, na haikulazimishi ubaki kwenye duka moja. Kwa maktaba naiona ndo yenye mwelekeo mzuri kuliko zilizopo.

Sasa wewe msomaji, kabla hujalipa angalia kwenye maelezo ya kitabu, wachapishaji wasioweka kufuli mara nyingi wanaandika hivyo hukohuko, hata wakiuzia kwenye duka la Amazon. Kitabu unachokitaka kwa ajili ya kusoma mara moja basi, kufuli halikusumbui, azima maktaba kabisa. Kile utakachokirudia miaka na miaka, kitafute kisichofungwa au kinunue cha karatasi.

Mwandishi unayejichapishia mwenyewe, huduma kama KDP, ile ya Amazon ya kujichapishia, inakuuliza wewe uamue kama unataka DRM au hutaki, wengi wanabofya ndiyo bila kufikiri kwa sababu inasikika kama ulinzi. Jiulize wasomaji wako ni akina nani, wanasomea kwenye vifaa gani, na kama kitabu kinapatikana kihalali kule waliko, maana mtu aliyetaka kulipa akaambiwa hakiuzwi nchini kwake anakwenda kukitafuta pengine na hakuna kufuli litakalomrudisha.

Na noti zako, msomaji, usiziache ndani ya apu tu. Apu nyingi zina sehemu ya kuzitoa kwenda kwenye faili la kawaida au kujitumia kwa barua pepe, fanya hivyo kila ukimaliza kitabu. Bei ya kitabu duka linaweza kukurudishia, ila ulichoandika pembeni hakuna seva inayojua kilikuwa na thamani gani.